Gemu Ndogo, Bob Hamsini, Kesi Kubwa: Nilichojifunza Kampasi Kuhusu Kutengeneza Gemu na Kulipwa

Kama umewahi kuuza kitu kampasi, iwe ni smocha, nguo za mtumba au huduma ya kuchapisha noti, unajua kupata mteja wa kwanza si shida. Marafiki wapo, na wengine watanunua hata kwa huruma. Shida huja pesa ikishaingia. Mimi niliuza gemu ya simu, bob hamsini kwa kila mtu, na hizo hamsini hamsini zilikaribia kunikosanisha na watu watatu niliokuwa nikikaa nao kila siku.

Leo nataka nikueleze mambo mawili. La kwanza, jinsi wanafunzi wanne wasio na mtaji walivyotengeneza gemu ndogo hadi ikaisha. La pili, kile ambacho tungepanga kuhusu pesa kabla ya mtu wa kwanza kulipa, lakini hatukupanga. Hata kama hujawahi kufikiria kutengeneza gemu, lakini una kikundi kinachokusanya pesa kidogo kidogo kwa simu, hebu soma hadi mwisho. Kesi yetu inaweza kuwa yako.

Tulianza na gemu kubwa, ikatushinda

Tulikuwa mwaka wa tatu. Kulikuwa na jamaa wa sayansi ya kompyuta, ambaye ndiye aliyejua kuandika programu. Kulikuwa na dada wa usanifu, mkono wake wa kuchora ulikuwa hatari. Kulikuwa na msee aliyepiga kinanda kanisani, akawa mtu wetu wa sauti. Na kulikuwa na mimi, niliyekuwa nikisomea biashara na masoko, ambaye sikujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta wachezaji na, baadaye, kupokea pesa.

Wazo letu la kwanza lilikuwa mji mzima wa Nairobi ndani ya simu. Matatu, mbio, polisi, mvua, magorofa, watu wakivuka barabara. Tulifanya kazi wiki saba. Mwishowe tulikuwa na barabara moja, na matatu moja ambayo ikikata kona ilizama kwenye lami kama jiwe kwenye matope. Mitihani ya katikati ya muhula ikaja, na hakuna aliyeigusa tena.

Sababu ni rahisi ukiielewa. Kila kitu unachoongeza kwenye gemu hakiongezi kazi moja. Ukiweka mvua, lazima mtu aichore, mtu aiandikie programu, mtu aitafutie sauti, kisha nyote mjaribu kuona kama mvua inaharibu matatu, barabara na watu waliokuwepo tayari. Ukiwa na vitu vitano, unaweza kuvijaribu pamoja. Ukiwa na vitu hamsini, hitilafu moja inaweza kukumaliza wiki nzima.

Na hakuna aliyesema gemu lazima iwe kubwa ndiyo ipendwe. Fikiria ile gemu ya nyoka iliyokuja na Nokia 6110 mwaka wa 1997: nyoka, chakula na ukuta, basi. Tetris ilitengenezwa na Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka wa 1984, na kazi yako ni kupanga vipande vinavyoanguka. Mwaka wa 2014, kijana Muitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, alitengeneza 2048 kwa wikendi moja. Flappy Bird ya mwaka wa 2013, kazi ya Dong Nguyen wa Vietnam, ina kitendo kimoja tu: gusa skrini, ndege apae. Wote hao walichagua jambo moja na kulimaliza.

Wikendi moja, kitendo kimoja

Duniani kuna mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare ilianza mwaka wa 2002. Global Game Jam ilianza mwaka wa 2009 na hufanyika kila mwaka mwezi wa Januari: watu hukusanyika, wanapewa mada, na kwa kawaida wanapewa saa 48. Sisi hatukungoja Januari. Tulijifungia kwenye chumba cha hosteli Ijumaa saa kumi na mbili jioni, tukakubaliana kwamba Jumapili saa kumi na mbili jioni tunaacha, gemu iwe imekamilika au la.

Swali tulilojiuliza kwanza ni hili: mchezaji wetu anafanya nini tena na tena? Si hadithi yake, si sura yake. Anafanya nini? Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja, bado huna gemu.

Jibu letu lilitoka kwenye safari ya asubuhi ya kwenda darasani: mchezaji ni konda wa matatu, na anarudisha chenji. Abiria anakupa noti ya mia mbili, anasema "wawili". Nauli ni sabini. Una sekunde chache za kugusa sarafu na noti hadi zifike sitini kamili kabla ya stage inayofuata. Ukikosea, abiria analalamika. Wakilalamika watatu, dereva anakushusha. Tuliiita Chenji.

Hiyo ndiyo gemu yote. Kila ngazi mpya ilibadilisha kitu kimoja tu: nauli inapanda saa ya mvua, sarafu za bob tano zinaisha, abiria wanaongezeka. Mchoraji alichora mikono, noti, sarafu na nyuso nane. Msee wa kinanda alirekodi honi na sauti ya sarafu zikigongana kwa kutumia simu yake chini ya blanketi. Jumapili jioni ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilianza, ikachezeka na ikaisha. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Kuhusu vifaa, usiogope gharama. Tulitumia Godot, ambayo ni injini ya gemu ya bure na iliyo wazi kwa umma tangu mwaka wa 2014. Leseni yake haikudai sehemu ya mauzo yako. Zipo nyingine kama Unity, na GDevelop kwa asiyetaka kuandika programu. Chagua moja na umalize nayo gemu ya kwanza. Kuhama kutoka injini moja hadi nyingine ni njia nzuri sana ya kutomaliza.

Mpe mtu simu, kisha unyamaze

Wiki iliyofuata nilipeleka gemu kwa makomredi kumi kwenye hosteli. Kanuni ilikuwa moja: unampa simu, halafu hunyanyui mdomo. Usimwambie "gusa hapa", usimwambie "hiyo ni sarafu". Ukieleza, utakuwa unajaribu maelezo yako badala ya gemu yako.

Tuliona mambo ambayo hatungeyaona wenyewe. Vitufe vya sarafu vilikuwa vidogo kuliko kidole gumba, kwa hivyo watu waligusa kumi wakitaka tano. Watu sita hawakuona nauli kwa sababu iliandikwa juu pembeni, na kidole chao kilikuwa chini. Halafu kulikuwa na uzito: faili ilikuwa MB 96. Komredi mmoja aliniambia, "Boss, nifute picha za mama ndio niweke gemu yako?" Alikuwa na haki. Tulipunguza ukubwa wa picha, tukabadilisha aina ya faili za sauti, tukashuka hadi MB 31. Kwa mtu anayenunua bando za siku, tofauti hiyo ndiyo huamua kama atapakua au ataahidi kupakua kesho.

Bei, na nani anachukua nini

Hapa ndipo mtu wa masoko alipaswa kuonyesha kazi. Tuliamua ngazi tano za kwanza ziwe bure, na atakayetaka zilizobaki alipe bob hamsini mara moja. Mbona hamsini? Kwa sababu ni chini ya bei ya chakula cha mchana, na mtu haombi ushauri kabla ya kuitoa.

Pia tuliuza kitu kingine ambacho mpaka leo najivunia. Ndani ya gemu, matatu hupita kando ya vibanda. Nikawaza: kwa nini vibao vyake viwe vya uongo? Nikaenda kwa mwenye cyber, kwa kinyozi, kwa mama wa chapo na madondo, nikawaambia jina la biashara yao litaonekana kwenye gemu mwezi mzima kwa bob mia tano. Sita walikubali.

Kabla hujaamua bei yako, jua njia za kuuza na kinachokatwa:

Duka la Google Play linatoza ada ya kujisajili ya dola 25, mara moja tu. Kwenye mauzo, mtengenezaji mdogo aliyejiandikisha kwa mpango huo hukatwa asilimia 15 kwenye dola milioni moja za kwanza kila mwaka. Kwa bob hamsini, hiyo ni saba na nusu, unabaki na 42.50. Wateja wa Kenya wanaweza kulipia kwa M-PESA humo ndani. Jua pia kwamba akaunti mpya za watu binafsi zinatakiwa kuwa na wajaribu angalau 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya gemu kuwekwa wazi, na kwamba kwa kawaida huruhusiwi kuweka nambari yako ya till ndani ya gemu iliyo Play ili kuuza ngazi. Duka lina mfumo wake wa malipo.

Tovuti ya itch.io, iliyoanza mwaka wa 2013, inakuachia uchague asilimia utakayoiachia tovuti. Ni nzuri kwa wanafunzi wanaotaka gemu yao ionekane nje ya nchi.

Njia ya tatu ni kuuza mwenyewe moja kwa moja, ambayo ndiyo tuliyoichagua. Nilituma kiungo cha faili kwa WhatsApp, mtu akalipa, nikampa msimbo wa kufungua ngazi. Hakuna anayekata asilimia. Lakini ulinzi wote, kumbukumbu zote na huduma yote kwa mteja ni juu yako. Na mteja naye ajihadhari: usiweke kwenye simu faili ya gemu kutoka kwa mtu usiyemjua, hata kama ni ya bure.

Mwezi wa kwanza: pesa iliingia kwangu

Hatukuzungumza pesa itaingia wapi. Nilikuwa na laini, ina pesa ya simu, basi namba yangu ikawekwa kwenye bango. Ilionekana jambo dogo kama kuandika tarehe.

Mwezi wa kwanza watu 138 walilipa bob hamsini. Hiyo ni 6,900. Vibao sita vilileta 3,000. Jumla 9,900. Kwetu hiyo ilikuwa pesa ya maana sana, na kwenye kundi letu la WhatsApp kila nikiandika "mwingine amelipa" zilimiminika emoji za moto.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea kwenye laini yangu. Nilikuwa na deni la ile huduma inayokukopesha salio likikosa kutosha. Ukiwa nalo, pesa yoyote ikiingia, deni hukatwa kwanza, bila kujali imetoka kwa nani na ni ya nini. Haikuwa siri, nilikubali masharti hayo mwenyewe. Lakini sikuwa nimeyaunganisha kichwani na bob hamsini za gemu. Deni lilikuwa 2,350, na wanunuzi wa kwanza arobaini na saba walinilipia deni langu bila wao kujua wala mimi kuhesabu.

Zilizobaki zilikaa pamoja na pesa yangu ya chakula. Nililipia mabango na bando za kazi, 1,800, hiyo ni sawa. Lakini pia nilinunua chakula, nikapanda matatu, nikamtumia mdogo wangu pesa ya kitabu. Kila mara nilijiambia nitarudisha. Salio lilionyesha pesa, na mimi niliona pesa. Salio haliandiki ni pesa ya nani.

Mwisho wa mwezi jamaa wa programu alinipigia. Chaja ya laptopu yake ilikuwa imekufa. Maabara ya kompyuta ilifungwa saa tatu usiku, na alikuwa na kazi ya mradi wa kuwasilisha wiki hiyo. Alikuwa amepata chaja ya mitumba mjini, elfu mbili. "Boss, si tugawane leo? Sehemu yangu itatosha chaja."

Alikuwa amepiga hesabu vizuri. 9,900 ukitoa matumizi ya 1,800 inabaki 8,100. Ukigawa kwa wanne, kila mtu 2,025. Nilikuwa na deni la 6,075 kwa wenzangu watatu. Niliangalia simu. Salio lilikuwa 3,140.

Nilijaribu kueleza. Nikasema deni lilikata, nikasema kulikuwa na mabango, nikasema kuna wengine labda hawakulipa. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwizi. Yeye hakupaza sauti. Aliniambia, "Kula si ndiyo shida. Shida ni hujui umekula ngapi."

Nilimtumia 2,025 zake usiku huo huo. 1,115 zilizobaki niliwagawia wale wawili. Bado walikuwa wakinidai 2,935. Mchoraji alitoka kwenye kundi la WhatsApp. Kwa wiki mbili hakuna aliyegusa gemu, na mwenye cyber alikuwa akiniuliza mbona kibao chake hakijabadilishwa rangi.

Kalamu tatu

Nilichofanya baada ya hapo si ujanja, ni jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Niliomba taarifa kamili ya miamala ya mwezi ule. Kwa M-PESA unaweza kuiomba kupitia programu yao ya simu au *334#, na inakuja kama faili iliyofungwa kwa nambari ya siri. Niliichapisha kwa mwenye cyber, kurasa kadhaa, nikaketi na kalamu tatu. Kijani kwa pesa ya gemu iliyoingia. Buluu kwa matumizi ya gemu. Nyekundu kwa nilichotumia mimi.

Nyekundu ilifika 4,960: deni 2,350 na matumizi yangu 2,610. Ukitoa sehemu yangu halali ya 2,025, inabaki zile zile 2,935. Haikupungua, lakini sasa ilikuwa na maelezo ya kila shilingi. Kazi hiyo ilifichua na jambo lingine. Nilikuwa nimetoa misimbo 149, lakini malipo yalikuwa 138. Watu kumi na mmoja walinitumia picha ya ujumbe wa malipo iliyobadilishwa jina na saa, nami nikawapa misimbo bila kuangalia kama pesa imeingia.

Niliwaita wenzangu wote watatu, nikawapa zile karatasi, nikanyamaza kama nilivyonyamaza na wale wajaribu wa gemu. Walizisoma. Halafu nilifanya kazi ya kugawa vipeperushi mjini Jumamosi tano, mia sita kwa siku. 3,000 zikapatikana, nikalipa 2,935, na bob sitini na tano zilizobaki nikanywa nazo chai na chapati. Baada ya Jumamosi ya pili mchoraji alirudi kwenye kundi. Hakuandika kitu. Alituma tu picha ya kibao cha cyber kikiwa na rangi mpya.

Panga haya kabla mtu wa kwanza hajalipa

Muhula uliofuata tulianza upya kwa utaratibu huu. Unaweza kuutumia kama ulivyo.

1. Pesa ya kikundi isiingie kwenye salio la mtu. Omba nambari ya till yenye jina la kazi yenu, au kwa M-PESA tumia Pochi La Biashara, ambayo hutenga pesa ya biashara na ya matumizi yako ingawa laini ni moja. Ulizia ada kwanza, kwa sababu kila njia ina mtu anayetozwa: mara nyingine ni anayelipa, mara nyingine ni anayepokea. Iingize kwenye bei.

2. Kama mnauza vitu vingi, fikiria Paybill. Till hukuambia nani amelipa na kiasi gani. Paybill humtaka mteja aandike pia namba ya akaunti, kwa hivyo unaweza kutenganisha pesa ya ngazi na pesa ya vibao bila kukisia.

3. Mwenye deni la kukatwa moja kwa moja asiwe mpokeaji wa pesa ya kugawa. Hata ukiwa na till, ukihamishia pesa kwenye laini yenye deni, deni litakatwa pale. Hili si jambo la kuoneana haya. Mwulizane kabla, na yule ambaye laini yake iko safi ndiye apokee.

4. Andikeni mgao kabla ya kuuza. Sisi tuliandika mistari mitatu kwenye karatasi na kutia sahihi: matumizi ya gemu yanatoka kwanza, kinachobaki kinagawanywa sawa, siku ya kugawa ni tarehe 30. Kama mmoja wenu anafanya kazi zaidi na anastahili zaidi, sema sasa. Ukisema pesa ikiwa mezani, itasikika kama tamaa.

5. Picha ya ujumbe si malipo. Kabla ya kutoa msimbo, bidhaa au risiti, angalia kwenye taarifa yako kama ile namba ya muamala ipo na kiasi ni chenyewe. Inachukua nusu dakika. Sisi kutofanya hivyo kulitugharimu misimbo kumi na mmoja, yaani bob 550.

6. Watu wawili waone hesabu. Mmoja anapokea, mwingine anaandika daftarini kila jioni: malipo mangapi, misimbo mingapi. Zikitofautiana, mnalala mkijua ni siku gani zilitofautiana.

7. Ukiwa na mtaalamu wa programu, acha mashine ifanye kazi. Safaricom ilifungua Daraja mwaka wa 2017 ili watengenezaji waunganishe mifumo yao na M-PESA, na kuna mazingira ya majaribio yasiyotumia pesa halisi. Mteja anabonyeza "lipa", ombi linajitokeza kwenye simu yake likiwa na kiasi, anaweka PIN, na mfumo wako unapokea jibu kwamba imelipwa. Hakuna kuandika misimbo kwa mkono saa sita usiku. Kumbuka, PIN huwekwa kwenye simu ya mteja pekee. Gemu, tovuti au mtu yeyote akikuuliza PIN yako, achana naye.

Utaratibu huu ulijilipa mapema. Kuna komredi alituma 500 badala ya 50, akanipigia akiwa karibu kulia kwa sababu ndiyo iliyokuwa pesa yake ya wiki. Zamani ningeanza kupekua ujumbe mmoja mmoja. Safari hii tulifungua taarifa ya till, tukauona muamala wake kwa dakika moja, tukamrudishia 450. Aliwaleta wenzake watatu kununua.

Muhula huo watu 203 walilipia ngazi, yaani 10,150, na vibao vinane vikaleta 4,000. Jumla 14,150. Matumizi yalikuwa 2,150. Tarehe 30 ya mwezi wa mwisho tuliketi kwenye kibanda cha mama wa chapo, daftari mezani, na kila mtu akapokea 3,000 kamili. Si pesa ya kununua ploti. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili, na jamaa wa programu aliniomba niwe naye kwenye gemu iliyofuata, nishike tena upande wa pesa. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko zile elfu tatu.

Kwa hivyo kama una wazo la gemu, au la biashara yoyote ndogo na marafiki, anza na kitendo kimoja, umalize, umpe mtu ajaribu. Halafu, kabla ya kutuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, ketini nyote na mjibu maswali manne: pesa inaingia wapi, nani anaiona, matumizi yanatoka vipi, na tunagawana lini. Mkishindwa kujibu moja, bado hamjawa tayari kuzindua. Itawachukua dakika kumi na tano. Mimi ilinichukua Jumamosi tano.